Aliyeifua

Si duara. Ukiiweka juu ya kioo inayumba
kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi.
Mwanahawa Mwinyigoha ameifungua kutoka pindo la khanga
(fundo la pili; la kwanza lina nauli),
akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja:
"Nitazamie, fundi. Ni fedha au ni bati?"

Mtaa wa Mkunguni, saa nne na robo, umeme hakuna.
Jenereta la muuza mapazia linakohoa ukutani.
Nikawasha tochi ya simu, nikabana lenzi jichoni,
na mfalme akanijia.

Sijui ni mfalme wa wapi. Wa huko kwenye baridi,
miaka mia tano, zaidi au pungufu.
Taji lipo. Shavu lipo. Pua ziko mbili,
kwa sababu nyundo ilishuka, ikaruka, ikashuka tena
kabla chuma hakijatulia.
Jina lake lilianza vizuri upande wa kushoto,
likafika ukingoni, likadondoka.
Herufi tatu nzima zimebaki kwenye fuawe ya mtu
katika nyumba ambayo haipo.

Ukingo umelambwa na mkasi: mjanja mmoja
alikata unyoya wa fedha hapa, mwingine pale,
wakamrudisha mfalme sokoni amekonda
kwa bei ileile.
Na shingoni, tundu.
"Bibi ndiye aliyetoboa," asema Mwanahawa, "kwa msumari."
Ndiyo maana huning'inia kichwa chini.
"Mama aliogeshwa nayo, nami nikaogeshwa nayo.
Jicho la watu lina meno."

Nikaisugua kwenye jiwe jeusi, nikadondosha tone la asidi.
Mstari ukawa mwekundu kama ulimi.
Ni fedha. Mizani ya betri: gramu tatu na nukta moja.
"Elfu tisa," nikasema, nikaona haya.
Akacheka mpaka muuza mapazia akachungulia.
"Mfalme mzima, elfu tisa?
Mbele ya debe la mkaa hafui dafu!"

Neno hilo likanishika.
Mimi nafua: vikuku, pete, vipini vya pua.
Yeye anafua: mashuka ya gesti ya Gerezani, arobaini kwa siku,
vidole vyake vimekunjamana, vyeupe kwenye ncha,
vyangu vyeusi.
Na yule aliyeifua hii,
ambaye hakuachiwa nafasi hata ya herufi moja,
alikuwa na vidole gani?
Nadhani kimoja hakikuwapo.
Mmoja hushika muhuri, mwingine hushusha nyundo,
na kuna siku kuaminiana huchoka.
Nadhani siku ya pua mbili alikuwa na njaa,
au mwanawe ana homa,
au msimamizi alipita nyuma yake.
Mfalme hakufua kitu.
Alikaa, akachorwa.

Nikamwambia, "Nikiiyeyusha, haitakuwa tena na uso wa mtu."
"Ada ya Shomvi ni laki na nusu," akasema.
"Elfu tisa yako inaziba tundu gani?"
Akaigeuza. Akaipima kwa kiganja, si kwa gramu.
Pete ya kuning'inizia imelika, uzi haushiki.
"Kutia pete mpya?"
"Elfu mbili."
"Moja. Na nikufulie hilo koti, linanuka moshi."

Nikapasha waya, nikaukunja, nikaugonga mara mbili.
Mara ya tatu mkono ukateleza:
alama ndogo, karibu na taji.
Nilikuwa na msasa pale pale.
Sikuugusa.

Mjukuu aliyekuwa kalala mgongoni muda wote huo
akatoa mkono mmoja nje ya mbeleko,
akaidaka, akaitia kinywani,
akamng'ata mfalme kwa meno yake mawili,
akatulia, kama anayesikiliza.